Volti 2 nilizozipuuza: kisa cha banda la vifaranga Kibosho

Simu iliingia saa moja kasoro asubuhi, mwezi wa sita, kile kipindi ambacho ukiwa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, unaongea na mvuke unakutoka mdomoni, na mlima wenyewe hauonekani mpaka saa nne. Aliyepiga ni mama mmoja niliyewahi kumfungia taa za nje. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Fundi, taa za vifaranga zinawaka lakini hazipashi joto. Vimelundikana kona moja kama nyuki. Usiku huu vimekufa 12."

Nikachukua mita, klampu ya kupimia mkondo, bisibisi na koili ya tepu, nikapanda boda kutoka Majengo. Njia nzima nilikuwa nimeshajiambia kwamba umeme wa huko juu utakuwa mdogo tu, kama kawaida ya jioni watu wanapopika. Nilikosea kabla sijafika.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kina makosa mawili. La kwanza ni la kijana aliyefunga taa, na hilo fundi yeyote akilisikia atacheka. La pili ni langu, na ndilo lingeteketeza banda.

Banda ni la mbao na bati, nyuma ya migomba, kama mita 40 kutoka jikoni ambako ndiko soketi iliko. Vifaranga 300 vya siku ya tatu. Taa ni zile nyekundu za kulelea vifaranga, za wati 250, na zilikuwa 4. Kwa idadi ile zinatosha. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 mpaka 35 pale anapolala, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto cha mama, kilichofungwa kwa uzi wa katani usawa wa vifaranga, kilisoma 21.

Taa zilikuwa zinawaka kweli. Nyekundu, nzuri, zote 4 sawa. Nikanyoosha kiganja chini ya moja, shubiri mbili hivi. Uvuguvugu tu, kama wa kikombe kilichosahauliwa mezani. Taa ya wati 250 iliyo sawa, kwa umbali huo mkono unautoa mwenyewe bila kuambiwa.

Aliyefunga ni kijana wa dada yake, anayejifunza umeme mtaani. Alikuwepo, amesimama mlangoni na uso wa mtu anayesubiri hukumu. Na niseme haki yake: kazi ilikuwa safi. Waya umenyooka kwenye boriti, klipu zimepigwa kwa vipimo, holda zimening'inia kwa urefu mmoja. Mafundi wenye leseni wengi hawafungi hivyo. "Waya nimetumia mdogo sana, fundi," akaniambia, "mamkubwa alinunua mita nyingi, nyingine zimebaki."

Hapo ndipo masikio yaliposimama. Waya haubaki hivihivi.

Sikufungua kitu. Nilifunika kiganja kwa kitambaa, nikalegeza taa moja kwenye holda yake, ya pili kutoka mlangoni. Zote 4 zikazimika. Nikaikaza, zote zikawaka. Nikaenda ya nne, nikalegeza: zote zikazimika tena. Jaribio hilo halihitaji mita wala hesabu, na linajibu swali la kwanza la saketi yoyote: umeme una njia moja, au una njia nyingi? Hapa ulikuwa na njia moja. Kijana alichukua waya wa moto, akaukata kila alipotaka kuweka holda, akaingiza ncha moja kushoto na nyingine kulia, akaendelea mpaka ya mwisho, kisha akarudisha nyutro moja, yaani waya wa kurudishia umeme. Ndio mfuatano huo. Taa zimeshikana mikono kama watoto wanaocheza, na umeme unaotoka kwenye taa ya kwanza ndio huohuo unaoingia ya pili.

Mama akauliza swali ambalo nimeulizwa na wanafunzi wengi kuliko yeye: "Sasa kama umeme unaanzia taa hii, mbona ya mwisho si hafifu kuliko ya kwanza?"

Swali zuri, maana wengi wanaamini taa ya kwanza inakula, ya pili inakula kilichobaki, ya mwisho inaramba sahani. Sivyo. Nilimwonyesha mfongo, ule mfereji wa maji unaopita chini ya shamba lake. Ukiweka vizuizi 4 vya mawe ndani ya mfongo huohuo mmoja, kimoja baada ya kingine, maji yanapungua kasi mfongo mzima, juu na chini kwa pamoja. Kizuizi cha kwanza hakinywi maji ya wa chini. Mkondo ni mmoja, na unapimwa na vizuizi vyote kwa jumla. Kinachogawanywa ni ule msukumo, yaani volti. (Mfano wa mfongo una mpaka wake, maji ya mfongo watu huyachota na hayarudi, umeme unarudi wote kwa nyutro. Lakini kwa mama aliyegawana zamu za maji tangu utoto, ulitosha.)

Nikatoa mita. Naziandika namba zote, kwa sababu kisa kizima kimo humo.

Soketini: volti 228. Kwenye taa ya kwanza, ncha kwa ncha: 56. Ya pili: 57. Ya tatu: 56. Ya nne: 57. Kila taa, iliyotengenezwa kwa volti 230, ilikuwa inapata robo.

Kijana akachukua kalamu, na hesabu anaijua. Taa ya wati 250 kwa volti 230: zidisha 230 kwa 230, gawanya kwa 250, unapata ukinzani, yaani kizuizi chenyewe, wa omu 212 hivi. Kwa mfuatano unajumlisha, kwa hiyo 4 ni omu 846. Gawanya 228 kwa 846: mkondo wa ampea 0.27. Sheria ya Ohm, ya mwaka 1827, haina ujanja.

Nikamwambia tupime. Mkondo mdogo namna ile klampu haiusomi vizuri, kwa hiyo nilichukua waya mmoja, wa moto peke yake, nikauzungusha mara 5 ndani ya taya za klampu. Ikasoma 2.5. Gawanya kwa 5: ampea 0.5. (Wa moto peke yake, nasisitiza. Ukibana moto na nyutro pamoja unasoma sifuri, kwa sababu unaokwenda na unaorudi vinafutana. Nimeona fundi mzima akitangaza kwamba nyumba haina mzigo.)

Nusu ampea, si 0.27. Kijana akadhani amekosea. Hakukosea kuhesabu, alikosea kudhani kwamba omu 212 ni mali ya taa muda wote. Uzi wa taa ukiwa wa baridi una ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya ule wa ukiwa unawaka kikamilifu. Ukipoa nusu, ukinzani nao unashuka. Volti 57 gawanya kwa 0.5 ni omu 114. Hiyo ndiyo taa yetu asubuhi ile, taa iliyolala. Maswali ya shule huwa yanatupa rezista isiyobadilika, na kwa rezista ya redio hiyo ni kweli kabisa. Kwa uzi wa taa ni kweli pale tu inapopata volti zake.

Sasa wati. Volti 57 kwa ampea 0.5 ni wati 28 kwa kila taa. Taa 4 kwa jumla, wati 113. Yaani taa 4 za wati 250 zilikuwa zinatoa joto lisilofika nusu ya taa moja iliyofungwa vizuri. Vifaranga walilijua hilo tangu saa nane usiku.

Na macho yalidanganyika kwa sababu ya rangi. Taa ya kawaida ya kioo cheupe ikipewa robo ya volti inakuwa hafifu, ya rangi ya chungwa, kila mtu anaona. Hizi ni nyekundu tangu kiwandani. Hafifu au kali, ni nyekundu tu.

Mama akaongeza kitu kuhusu mita yake ya umeme wa kulipia kabla, kilichonichekesha na kuniuma: "Na LUKU imekaa vizuri tangu juzi. Nikasema kumbe taa hizi hazili umeme."

Kijana alikuwa na wazo. Dukani kwa Mangi zilikuwepo balbu za wati 100. Je, akiondoa taa moja ya wati 250 aweke hiyo, mzigo si utapungua na zile 3 zitapata nguvu? Nilimwachia ahesabu. Ya wati 100 ina omu 529, karibu mara mbili na nusu ya ile kubwa. Kwenye mfuatano mkondo ni mmoja, kwa hiyo mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayechukua volti nyingi. Balbu ndogo ingewaka kuliko zote na kubwa zingezidi kulala. Hesabu hii inawashangaza hata walioisoma, maana tumezoea kwamba wati nyingi ni mwanga mwingi. Ni kweli ukutani, ambako kila kitu kiko sambamba, yaani kila kifaa kina njia yake. Kwenye mfuatano ni kinyume.

Sasa marekebisho. Nyaya mbili zikapita kwenye boriti mwanzo hadi mwisho, moto juu, nyutro chini, na kila holda ikashika zote mbili. Nilimwambia kijana aone ngazi ya kuchumia parachichi: miti miwili mirefu ni moto na nyutro, vidato ndio taa. Kila kidato kinagusa mti wa kushoto na mti wa kulia. Ukivunja kidato kimoja vingine vinabaki mahali pake. Kila taa inapata volti zote, na kila moja inavuta mkondo wake, na mikondo ndiyo inayojumlishwa.

Ukinzani wa jumla ndio huwa unakataa kuingia kichwani. Taa 4 za omu 212 zikiwa sambamba zina omu 53. Kuongeza vizuizi kunapunguzaje kizuizi? Fikiria kanisa Jumapili baada ya misa ya kwanza. Mlango mmoja ukiwa wazi watu wanasongamana, fungua wa pili wenye upana uleule, kuna msongamano nusu, minne, robo. Kila mlango ni mwembamba vilevile, hakuna uliopanuliwa. Ukitaka kwa kalamu, chukua 1 gawanya kwa ukinzani wa kila taa, jumlisha, kisha geuza jibu juu chini. Zikiwa zinafanana, gawanya tu kwa idadi yake.

Kijana alifunga mwenyewe, mimi nikiangalia. Waya uliobaki ukatumika wote. Nikachomeka. Taa zikawaka kiasi kwamba mama alirudi nyuma hatua moja. Ndani ya dakika 10 kipimajoto kilikuwa 29 na kinapanda, na vifaranga wakaanza kutoka konani mmoja mmoja, wakatawanyika, wengine wakalala wamenyoosha bawa. Mfugaji hahitaji kipimo kingine zaidi ya hicho. Tukaitwa chai, na mimi nikaweka mita kwenye begi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Rudi kwenye zile namba.

56 na 57 na 56 na 57 ni 226. Soketi ilikuwa 228. Zilipungua volti 2, na nilikuwa nimeliona hilo. Niliziandika mwenyewe kwenye kiganja. Nikajiambia ni mita, ni waya mrefu, ni kawaida. Volti 2 kati ya 228 ni nini? Kwa fundi, tofauti ya chini ya asilimia 1 ni zawadi.

Chai ilikuwa ya pili na ndizi za kuchemsha zimeshafunuliwa, mama akainua pua.

"Fundi, mbona kuna harufu kama rambo inaungua?"

Mifuko ile ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019 lakini hakuna Mtanzania aliyesahau harufu yake. Nilikimbia jikoni nikachomoa plagi kwanza, ndipo nikaenda bandani. Juu ya gunia la maranda makavu, pale waya kutoka nyumbani unapoingia bandani, palikuwa na kiungo kilichofungwa tepu nyeusi. Kilikuwepo tangu mwaka uliopita, kabla ya kijana, hakuna aliyekigusa. Tepu ilikuwa imelainika, inang'aa, na tone moja lilishadondoka kwenye gunia. Maranda yalikuwa na doa la kahawia ukubwa wa sarafu.

Tukaliondoa gunia. Nikatoa tepu kwa kisu. Ndani ni nyuzi mbili za waya zilizosokotwa kwa vidole tu, bila konekta, bila risasi ya kulehemu. Waya ule wa milimita 0.75 (za mraba, ndivyo unene wa waya unavyopimwa) una nyuzi 24 nyembamba za shaba. Zilizokuwa zimeshikana kwa kweli sijui kama zilifika 5. Nyingine zilikuwa nyeusi na kijani, zinavunjika kama sindano za mvinje. Banda la kuku lina amonia ya kinyesi na Kibosho ina ukungu, na shaba haiwapendi hao wawili wakija pamoja.

Nikaweka bati chini, kijana akasimama soketini na mkono kwenye plagi, tukawasha kwa dakika moja nipime. Soketini 228. Kwenye taa 211. Mkondo ampea 4.1. Ncha za mita huku na huku ya kiungo: volti 9.

Hizo namba ni mbaya na zinaeleweka. Volti 17 zimepotea njiani kwa ampea 4.1, yaani njia yenyewe ina ukinzani wa omu 4 na kidogo. Nyaya za mita 40 kwenda na 40 kurudi ni mita 80 za shaba, na kwa unene wa milimita 0.75 hizo ni omu 1.8. Zilizobaki, omu 2.3, zilikuwa zimekaa ndani ya kiungo kisichozidi urefu wa kidole.

Sasa zirudishe kwenye asubuhi. Volti 2 kwa ampea 0.5 ni omu 4. Ni zilezile! Ukinzani ule ulikuwepo tangu nilipoingia bandani, umejiandika kwenye kiganja changu, na ningegawanya tu namba moja kwa nyingine ningeuona. Nilitazama volti peke yake, na volti 2 hazina maana mpaka useme ni kwa ampea ngapi. Ningejiuliza, "nikiondoa mfuatano mkondo utapanda mara ngapi?" ningejua kwamba 2 itakuwa 16 au 17 kabla sijachomeka.

Na joto halipandi kwa hatua moja na mkondo, linapanda kwa mkondo mara mkondo. Ampea 0.5 mara 0.5 mara omu 2.3 ni wati 0.6, hata sisimizi hajali. Ampea 4.1 mara 4.1 mara 2.3 ni karibu wati 39. Mkondo ulipanda mara 8 na kidogo, joto la kiungo likapanda mara 67. Wati 39 ndiyo nguvu ya pasi ya kuchomea risasi, ile ambayo fundi redio anayeyushia bati. Nyaya nazo zilikuwa zinatoa wati 30, lakini hizo zimetandazwa mita 80, ukizishika hata huhisi. Za kiungo zote zilikuwa mahali pamoja, chini ya plastiki, juu ya maranda.

Kwa hiyo saketi niliyoiita sambamba haikuwa sambamba. Taa zilikuwa sambamba kati yao. Waya na kiungo vilikuwa kwenye mfuatano na taa zote kwa pamoja, na mkondo wa taa zote 4 ulipita hapo. Saketi za maisha ni za hivyo karibu zote: mchanganyiko, na sehemu ya mfuatano ni ile ambayo hakuna aliyeinunua wala kuichora. Kosa la kijana lilikuwa linakilinda kiungo kibovu. Mimi nilipolirekebisha, nilikitwisha mzigo ambao hakikuwahi kuubeba.

Mama akauliza kwa nini breka haikujikata, na aliuliza kwa hasira, maana alilipia breka nzuri. Sina budi kuitetea. Breka inajikata mkondo ukizidi. Kiungo kibovu ni ukinzani wa ziada kwenye mfuatano, na ukinzani wa ziada unapunguza mkondo. Bila kiungo kile taa zingevuta kama ampea 4.2 au 4.3, nacho zilivuta 4.1. Breka ya ampea 10 ilikuwa imetulia kabisa, tena kidogo zaidi ya kawaida. Hata ile breka ya kugundua umeme unaovuja isingejikata, kwa sababu hakuna kilichovuja: kilichokwenda kilirudi chote. Shoti breka inaiona. Kiungo kilicholegea kinaonekana kwa pua, kwa mkono, au kwa mita iliyowekwa ncha kwa ncha wakati mzigo umewashwa.

Nasema wakati mzigo umewashwa kwa makusudi. Kijana alijaribu baadaye kupima kiungo kile kwa omu, umeme umechomolewa, mita ikaruka kati ya 0.8 na 3 kila alipokigusa. Kiungo kibovu kikitikiswa kinabadilika, na nyaya za mita zenyewe zina ukinzani wake. Volti zinazopotea juu yake chini ya mzigo ndizo hazibishani. Lakini ni umeme hai, na mtu asiyezoea asiweke mikono hapo. Mimi mwenyewe sikupima mpaka kulikuwa na mtu kwenye plagi.

Tulishuka mjini mchana uleule. Mangi wa vifaa akatukatia waya wa milimita 2.5, mita 40 bila kiungo hata kimoja, na konekta za skrubu. Nilimwambia kijana ahesabu kabla ya kununua, dukani pale, juu ya kaunta. Unene umepanda kutoka 0.75 hadi 2.5, ukinzani unashuka kwa kiwango hichohicho: omu 1.8 zinakuwa 0.55. Mangi akauliza kama tunanunua waya au tunafanya mtihani.

Sehemu isiyompendeza mama ilikuja jioni, tulipofika kwenye LUKU. Taa zilipokuwa zimelala, siku nzima zilitumia yuniti 2.7. Zikiwaka zote 4 mfululizo, ni yuniti 22 na kitu. Yeye yumo kwenye kundi la matumizi madogo, D1, ambalo wastani wake ni yuniti 75 kwa mwezi, na kwa mwendo huo angezimaliza siku ya nne. Alinyamaza muda. Hakukuwa na ujanja: joto lile lilikuwa rahisi kwa sababu halikuwepo.

Lakini sambamba ina faida moja ambayo mfuatano hauna. Kila kidato kinaweza kuwa na swichi yake. Tuliweka swichi 4, mchana jua likitoka anazima 2, na kadiri wiki zinavyokwenda anazinyanyua taa kwa mnyororo au anazima moja jumla. Pembeni kidogo tukaziba upepo kwa turubai, kazi ya nusu saa ambayo nadhani iliokoa yuniti nyingi kuliko chochote nilichofanya kwa bisibisi. Na taa moja ikikata uzi saa nane usiku, 3 zinabaki. Kwa ule ufungaji wa kwanza, uzi mmoja ungekatika na vifaranga 288 waliobaki wangelala gizani na kwenye baridi.

Giza lilikuwa linaingia tulipochomeka. Safari hii mita haikuingia kwenye begi. Nilimpa kijana. Akapima soketini, akakimbia bandani, akapima kwenye taa ya mwisho, akapaza sauti kupitia migomba:

"Huku 226, fundi! Huko ilikuwa 228. Zimepotea 2 tena!"

"Kwa ampea ngapi?" nikamuuliza.

Kimya kidogo, kisha nikasikia taya za klampu zikibana.

"Nne na pointi tatu."

Nikasikia akigawanya kwa sauti ya chini, na vifaranga wakilia taratibu nyuma yake.